Abba Gorgoryos na Mjerumani Wake

Hiob Ludolf aliandika sarufi ya Kigeez, kamusi ya Kigeez, sarufi ya kwanza ya Kiamhari kupigwa chapa, kamusi ya Kiamhari, historia nene ya Uhabeshi (Ethiopia), kisha akaandika kitabu kingine kinene kuifafanua hiyo historia. Uhabeshi wenyewe hakuwahi kutia mguu. Alizaliwa Erfurt, Ujerumani, mwaka 1624, akafa Frankfurt mwaka 1704. Wajerumani wanamhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha masomo ya Kiethiopia Ulaya, na kwa karibu miaka 200 mtu yeyote wa huko aliyetaka kusoma maandiko ya Habeshi ilibidi apitie kwake.

Mimi nilimfikia kwa njia ya mzunguko. Kwa muda nimekuwa nikifanya kazi ya msaidizi wa utafiti, yaani yule mtu anayekaa na mgeni mwenye kinasa sauti na kumweleza lugha yake mwenyewe. Kazi hiyo ikinichosha huwa najisomea habari za waliokaa kwenye kiti hicho kabla yangu. Wengi hawana majina. Utakuta "mwenyeji mmoja alinieleza", ukifungua ukurasa unaofuata "mwenyeji mwingine akakanusha". Ndipo nikakutana na Gorgoryos, ambaye Mjerumani wake hakumtaja kwa jina tu, bali pia aliweka picha yake kitabuni. Kwa hiyo mkiona habari hii ya Ludolf inaelemea upande wa mtu mwingine, mjue sababu.

Tuanze na kijana mwenyewe. Ludolf alikulia katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618 na kumalizika 1648, wakati nchi za Wajerumani zilikuwa zikichomwa na kuporwa na majeshi ya kila upande. Katika hali hiyo kijana wa Erfurt akapendezwa na lugha za Mashariki, na Kigeez ndicho kilichomteka. Kigeez kilikuwa lugha ya kanisa na vitabu vya Habeshi; watu walikuwa wameacha kukizungumza majumbani karne nyingi nyuma, ila makasisi walikisoma, walikiimba na kukiandika.

Vitabu vya kujifunzia vilikuwa vya kuhesabika. Kulikuwa na Zaburi iliyopigwa chapa Roma mwaka 1513 na Johannes Potken, Mjerumani wa Köln, aliyedhani lugha ile ni Kikaldayo. Kulikuwa na Agano Jipya lililochapwa Roma mwaka 1548 kwa kazi ya mtawa Mhabeshi, Tasfa Seyon. Kulikuwa na sarufi ndogo ya Mariano Vittori ya mwaka 1552, na kamusi ya Jacob Wemmers ya mwaka 1638, yenye makosa mengi. Ludolf akakusanya alichoweza, akajifundisha. Baadaye alisoma Leiden, Uholanzi, akaongeza Kiarabu na nyinginezo. Inasemekana mwisho wa maisha yake alikuwa na lugha 25. Alisomea pia sheria, na sheria ndiyo iliyomlisha. Maisha yake yote mshahara wake ulitoka katika kazi za watawala na mabaraza. Kigeez kilikuwa cha saa zilizobaki.

Mwaka 1649 alikuwa Paris, akihudumu kwa balozi wa Sweden, na akatumwa Roma kutafuta nyaraka za kale za Waswidi. Nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Petro palikuwa, na hadi leo papo, kanisa dogo la Santo Stefano, ambalo Mapapa waliwapa mahujaji wa Kihabeshi tangu karne ya 15. Ludolf akaenda kubisha hodi. Akawakuta Wahabeshi wanne, na miongoni mwao Abba Gorgoryos, mtu mzima kumpita sana, mzaliwa wa Makana Selasse katika nchi ya Amhara.

Kilichofuata Ludolf mwenyewe alikisimulia. Akawaambia anataka kujifunza lugha yao. Wakamjibu kwamba jambo hilo haliwezekani nje ya Habeshi. Akasema ameshajifunza. Wakamletea kitabu kikubwa cha ngozi, wakamwambia asome. Akaanza kusoma, na wao kicheko kikawabana, hasa Gorgoryos. Lakini alipofika kwenye kueleza maana ya alichokisoma, kicheko kikageuka mshangao: mapadri wa Kizungu waliokaa Habeshi kwenyewe lugha hii iliwashinda, huyu kijana kaipata wapi bila mwalimu?

Ukiujua mwandiko wa Kigeez utaelewa vyote viwili, kicheko na mshangao. Kila herufi inabeba konsonanti na irabu yake pamoja. Konsonanti 26, kila moja ina maumbo saba kwa irabu saba. Mpaka hapo ni kazi ya kukariri. Tatizo liko kwenye umbo la sita. Hilo mara husomwa na irabu fupi sana, mara halina irabu kabisa, na maandishi hayakuambii ni lini hivi na lini vile. Tena kuna konsonanti zinazokazwa na nyingine zisizokazwa, na tofauti hiyo ina uzito katika vitenzi, lakini ukurasani hutaiona. Mtu anaweza kukaa Erfurt na Zaburi ya Potken mpaka mvi zimtoke, akaelewa kila neno, na bado akisoma kwa sauti atamchekesha mtoto wa darasa la kanisa. Kilichokosekana kilikuwa kinywani mwa Gorgoryos.

Gorgoryos alifikaje Roma? Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki kutoka Ulaya, walikuwa wamefanikiwa kumwingiza Mfalme Susenyos katika Ukatoliki mwaka 1622. Wananchi wengi hawakukubali, damu ikamwagika, na mwaka 1632 Susenyos akamwachia kiti mwanawe Fasiladas, aliyerudisha kanisa la zamani na kuwafukuza Wajesuiti. Gorgoryos alikuwa upande wa wageni; ndiyo sababu akawa mkimbizi. Wakati anamcheka Ludolf alikuwa mtu asiye na pa kurudi, amekaa mji wa kigeni akila mkate wa Papa. Wanaomwandika kama mtawa mpole aliyezuka tu kumsaidia msomi wa Kijerumani hulipita jambo hili haraka mno. Alikuwa msomi wa kwao, mtu wa karibu na wakubwa, aliyejikuta upande ulioshindwa.

Wakawa rafiki. Ludolf aliporudi Ujerumani waliandikiana barua kwa Kigeez, lugha ambayo hakuna aliyezaliwa nayo kati yao. Mwaka 1652 Ludolf aliingia katika utumishi wa Ernst, mtawala wa Sachsen-Gotha, ambaye watu walimwita Mcha Mungu. Ernst alikuwa Mlutheri wa kweli kweli, na habari za kanisa la kale la Kiafrika lisilomtii Papa zilimvutia kwa sababu zilizo wazi. Akatoa fedha, Gorgoryos akaalikwa. Mzee akavuka milima ya Alps, akaingia Thuringia, akafikia Friedenstein, ngome kubwa ambayo Ernst alikuwa akiijenga Gotha. Alikaa huko miezi michache, kiangazi cha mwaka 1652.

Miezi hiyo michache ndiyo shina la kila kitu Ludolf alichokuja kuandika.

Najaribu kuiona meza ile. Upande mmoja mwanasheria wa miaka 28 na karatasi zake. Upande wa pili mzee wa Amhara. Katikati Kigeez, vipande vya Kireno na Kiitaliano, na mikono. Mtawala na wanateolojia wake wanataka kujua: mnabatizaje? Mnashika Jumamosi au Jumapili? Mnasema nini juu ya mwili na damu ya Bwana? Mbona mnatahiri? Majibu yaliandikwa. Ludolf kwa upande wake anataka mambo mengine: majina ya milima, mto Abbay (Naili ya Buluu) unatokea wapi na unazungukaje, wafalme walifuatana vipi, na lugha ya nyumbani kwake, Kiamhari, inasemaje hiki, inasemaje kile.

Hapo ndipo namwonea huruma, kwa kuwa nimewahi kukaa hapo. Kuulizwa lugha yako si sawa na kuijua. Mara moja mtafiti niliyefanya naye kazi Pwani aliniuliza kwa nini tunasema "ng'ombe wangu" lakini "dada yangu", hali wote wawili wana uhai. Nikacheka. Akasubiri, kalamu mkononi. Nikasema ndivyo tunavyosema. Akaandika kitu. Nikaanza kujieleza kwamba rafiki, ndugu, shangazi wote wanakwenda hivyo, lakini mtoto hapana, mtoto ni wangu, na mama ni yangu lakini mama huyu, mama mwema. Kadiri nilivyoeleza ndivyo lugha yangu ilivyozidi kunipotea, mpaka jioni nikawa nasitasita hata kuagiza chai. Gorgoryos aliulizwa mambo ya namna hiyo siku kwa siku, kwa lugha mbili, moja ya kitabu na moja ya jikoni, na aliyemwuliza alikuwa mtu asiyechoka. Aliyafanya haya akiwa mgeni wa mtawala, mahali ambapo huwezi kusema leo sijisikii.

Alirudi Italia vuli ile. Mwaka 1658 akapanda merikebu kujaribu kurejea upande wa kwao. Merikebu ikavunjika karibu na Iskenderun, kwenye kona ya Bahari ya Kati inapokutana Uturuki na Shamu, naye akafa maji.

Sarufi na kamusi ya Kigeez zilitoka London mwaka 1661, miaka mitatu baadaye. Hapo kuna kisa cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Ludolf hakuweza kwenda kusimamia uchapaji mwenyewe, akamtuma mwanafunzi wake, Johann Michael Wansleben. Kijana alikuwa na akili na pia alikuwa na mkono mwepesi: aliingiza mambo yake mwenyewe kazini bila idhini. Ludolf hakulisamehe hilo. Mtawala Ernst naye akamtuma Wansleben mwaka 1663 aende Habeshi kupitia Misri. Habeshi hakufika, fedha zikaisha, akageuka kuwa Mkatoliki, na baadaye akawa anawanunulia Wafaransa miswada ya Mashariki. Ludolf alirudia kamusi yote na kuitoa upya Frankfurt mwaka 1699, na sarufi mwaka 1702, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Mzee wa miaka 78 bado anasahihisha alichoharibu mwanafunzi miaka 40 nyuma. Wahariri wenzangu watanielewa.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe, wanaojua wanakubaliana. Waliomtangulia walikuwa wakikusanya maneno. Ludolf alionyesha jinsi Kigeez kinavyofanya kazi, kitenzi kinavyozaa kitenzi, na jinsi mfumo huo unavyofanana na wa Kiarabu, Kiebrania na Kiaramu. Alionyesha pia kwamba Kigeez na Kiamhari ni lugha mbili, wakati Ulaya ilizichanganya. Jina "lugha za Kisemiti" halikuwepo. Lilitungwa mwaka 1781 na August Ludwig von Schlözer, mwanahistoria wa Göttingen. Ludolf alisema tu lugha za Mashariki, na akaeleza zinavyopatana. Kwa msomaji wa Kiswahili upatanifu huo hauhitaji maelezo marefu, maana Kiarabu kimetupitishia vipande vyake. Saba, kwa Kigeez, ni sabʿu. Tisa ni təsʿu. Mauti ni mot. Nafsi ni nafs. Mtu wa Lamu angekaa kwenye meza ile ya Gotha angeokota neno hapa na pale, ingawa sarufi yake iko mbali na ya hao wawili kabisa.

Mwaka 1681 ikatoka historia yake ya Uhabeshi, kwa Kilatini, na mwaka uliofuata ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ulaya ilikuwa bado inahadithiana juu ya Yohana, mfalme-kasisi tajiri wa Mashariki, na hata waliokuwa wamefika Habeshi walirudi na chumvi nyingi. Ludolf aliifuta hadithi moja baada ya nyingine. Mara kwa mara hoja yake ni kwamba Gorgoryos amesema hivi, na Gorgoryos ni wa huko. Mwaka 1683 akatoa ramani ya nchi hiyo, ambayo humo pia mkono wa mzee unaonekana. Kisha mwaka 1691 kile kitabu cha ufafanuzi, na ndani yake picha ya Gorgoryos, pamoja na habari za walivyokutana na kicheko cha Roma. Wangapi wa zama zile, au za zama zetu, wangeandika kwamba mwalimu wao wa Kiafrika aliwacheka waliposoma? Wengi wangeanzia pale pa mshangao.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Ludolf alikuwa na ndoto za kisiasa ambazo Habeshi haikuziomba. Kwa miaka mingi alishikilia wazo la kuwaunganisha wafalme wa Ulaya na mfalme wa Habeshi dhidi ya Waturuki. Mwaka 1683 alikwenda hadi Uingereza kulipigia debe, akaondoka mikono mitupu. Habeshi ya Fasiladas na warithi wake ilikuwa imefunga mlango kwa Wazungu makusudi, baada ya yale ya Wajesuiti, na ilikuwa na haki. Ajabu ni kwamba Ludolf, aliyeijua nchi ile kuliko mtu yeyote wa Ulaya, hakutaka kulisikia hilo. Alijua majina ya milima yao na bado akatumaini watamjibu barua.

Mwaka 1698 zikatoka sarufi na kamusi ya Kiamhari. Hizo ndizo zinazonigusa kuliko zote. Kigeez angeweza kukipata kwa sehemu vitabuni. Kiamhari kwa wakati ule hakikuwa na kitabu Ulaya. Ludolf alikipata zaidi kwa Gorgoryos, kinywani na katika barua. Mzee alikuwa ameshakufa miaka 40. Kwa miaka yote hiyo, akihama kutoka Gotha hadi Frankfurt, akiwalea watoto wa watawala, akikagua hesabu na kesi, yule Mjerumani aliyatunza maelezo ya kiangazi kimoja. Nina madaftari ya miaka michache iliyopita ambayo hata mimi mwenyewe siyasomi.

Ningeishia hapo kama kisingekuwapo kisa cha pili, ambacho kinafanana na cha kwanza kiasi cha kunisumbua. Enno Littmann, Mjerumani wa Oldenburg, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufa Tübingen mwaka 1958, ndiye yule aliyewatafsiria Wajerumani Alfu Lela Ulela kutoka Kiarabu, juzuu sita kati ya 1921 na 1928. Yeye Afrika alifika. Mwaka 1905, kwa fedha za Chuo Kikuu cha Princeton, alikwenda Gheleb, nchi ya Wamensa katika Eritrea, akajifunza Kitigre. Mwalimu wake alikuwa kijana wa huko, Naffaʿ wad ʿEtman, aliyesomeshwa na wamisionari wa Sweden. Mwanzoni mwa 1906 Littmann aliitwa kuongoza msafara wa Wajerumani kwenda kuchunguza magofu na maandishi ya Aksum, mji mkuu wa kale wa Habeshi, na Naffaʿ akabaki akikusanya: hadithi, mila, majina ya watu, maombolezo, na mashairi zaidi ya 700. Littmann akamwita Strasbourg, alikokuwa amerithi kiti cha uprofesa cha Theodor Nöldeke, wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1909 Naffaʿ alikuwa njiani kurudi kwao. Hakufika. Alipotea baharini, kutoka melini.

Juzuu za Kitigre zilianza kutoka mwaka 1910. Littmann alimtaja na kumshukuru. Ila kwenye jalada jina ni moja, kama ilivyo kwenye sarufi ya Ludolf, na kama ilivyo kwenye tasnifu ambayo mimi nimo ukurasa wa shukrani, kati ya dereva na mwenye nyumba ya wageni. Dereva alistahili, tena sana. Barabara ile ilikuwa mbaya.

Na sisi wa pwani tumo katika mnyororo huu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Derendingen karibu na Tübingen, alikwenda Habeshi mwaka 1837, na kwa Mjerumani wa wakati ule njia ya kukijua Kiamhari kabla ya kufika ilipitia kwa Ludolf. Mwaka 1842 akazuiwa kurudi Shoa, sehemu ya Habeshi alikokuwa akifanya kazi, na Januari 1844 akashukia Unguja, kisha Mombasa, ambako Julai ya mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka 1850, na kamusi mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Alikuja huku na mazoea aliyoyapata Habeshi: kaa na mwenye lugha, uliza, andika.

Mombasa mwenye lugha alikuwa kadhi, Ali bin Muhyiddin, mtu wa asili ya Barawa. Juni 1844, kabla Krapf hajamaliza nusu mwaka pwani, walianza pamoja kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili: mmisionari na kadhi wa Kiislamu, juu ya Adamu na Nuhu ambao wote wawili waliwajua, kila mmoja kwa kitabu chake. Krapf alimtaja kwa jina, akamsifu kwa elimu yake. Alichokisema kadhi juu ya Krapf, na juu ya Kiswahili chake cha miezi ile ya mwanzo, hakuna aliyekiandika. Picha yake haimo kitabuni. Nikikutana na mtu wa ukoo wake Mombasa au Barawa, nitamwuliza kama nyumbani waliwahi kusimuliana namna yule Mjerumani alivyokuwa akisoma kwa sauti.